Transista Iliyoungua Haikujiunguza Yenyewe

Nilizungusha nobu ya volti kutoka sifuri hadi mwisho, na namba kwenye kioo hazikusogea: volti 40 na pointi, nipandishe nisipandishe. Hivyo ndivyo nilivyoipata pawa saplai hii ya mezani, ya mtumba, ya volti 0 hadi 30 na ampia 0 hadi 3, ile aina ya zamani yenye transfoma nzito ndani. Aliyeniuzia hakunificha. Alisema inawaka ila haitii. Niliichukua kwa sababu mashine za namna hii zina saketi unayoweza kuifuata kwa macho. Kila sehemu inaonekana na kazi yake inajulikana, na vipuri vyake bado vinapatikana.

Kwa asiyeizoea, pawa saplai ya mezani humpa fundi mambo mawili: anachagua volti anazotaka, na anaweka kikomo cha mkondo. Kikomo hicho ndicho kinachookoa vitu. Ukiwasha bodi usiyoijua huku umeweka kikomo cha ampia 0.1, hata kama kuna shoti mahali, taa ya kikomo itawaka, volti zitashuka zenyewe, na mara nyingi hakuna kitakachoungua. Sasa chukua mashine hiyohiyo iliyokwama kwenye volti 40. Redio ya volti 6 au bodi ya volti 5 utakayoiunganisha hapo imekwisha. Ndiyo maana naona kuitengeneza nusunusu ni hatari kuliko kuiacha mbovu. Ikiwa mbovu kila mtu anaiogopa, lakini ikitengenezwa nusunusu watu wanaiamini.

Kabla ya kugusa chochote ndani nilichomoa plagi, nikafungua kifuniko, nikapima volti kwenye kapasita kubwa ya kuchuja. Ilikuwa ya maikrofaradi 10,000, na bado ilikuwa na chaji. Kwa volti 41, kapasita ya ukubwa huo inabeba takriban joule 8. Wapo wanaoimaliza chaji kwa kugusisha miguu yake kwa bisibisi. Inatoa cheche kubwa, inatoboa ncha ya bisibisi, na ule mkondo wa ghafla unaweza kuharibu sehemu nyingine ambayo ilikuwa nzima. Mimi naunganisha rezista ya kiloomu 1 yenye uwezo wa wati 5. Chini ya dakika moja volti zinakuwa karibu na sifuri, kisha napima tena kuhakikisha. Nilipima pia njia ya ethi, kutoka pini ya plagi hadi kwenye bati la kasha. Kwa mashine ya mtumba usidhani waya huo upo. Kuna mtu aliyeifungua kabla yako, na hujui alichounganisha wala alichoacha.

Jambo la tatu ni taa ya sirisi, yaani balbu ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa umeme unaoingia. Lazima iwe balbu ya waya unaong'aa. Taa za LED hazifai kwa kazi hii. Kukiwa na shoti upande wa transfoma, balbu inawaka kwa nguvu na kubeba umeme wote, mashine inabaki salama. Yangu ilimulika kwa kitambo kifupi kapasita ilipokuwa ikijaa, ikafifia. Kwa hiyo transfoma na dayodi zilikuwa nzima, na ubovu ulikuwa mbele yake.

Pawa saplai inayotoa volti za juu kabisa bila kusikia nobu ina washukiwa watatu. Wa kwanza ni transista za nguvu, zile zinazosimama kati ya kapasita kubwa na tundu za kutolea. Zikipiga shoti, volti zote zinapita bila kuulizwa. Wa pili ni saketi ya udhibiti, ambayo huenda inaziamuru transista zifunguke hata pale inapopaswa kuzifunga. Wa tatu ni waya wa kurudisha habari: ukikatika, udhibiti unaamini volti za nje ni sifuri, basi unazidi kusukuma. Nimeona watu wakianza kubadilisha vipuri hapohapo, opampu kwanza (chipu ya udhibiti inayolinganisha volti mbili) kwa kuwa ni rahisi. Kipimo kimoja kinatosha kumtenganisha wa kwanza na hao wengine wawili. Nobu ikiwa sifuri, pima volti kati ya besi (mguu unaopokea amri) na emita (mguu unaotoa mkondo) ya transista za nguvu. Besi ikiwa juu ya emita kwa kama volti 0.6, udhibiti unaifungua, basi kosa liko nyuma. Yangu ilikuwa na besi iliyo chini ya emita. Saketi ya udhibiti ilikuwa inaamuru ifunge kwa nguvu zake zote, na volti 40 zilikuwa zinapita tu.

Transista zenyewe zilikuwa mbili, 2N3055, zimefungwa sambamba kwenye bamba la alumini la kupozea nyuma ya mashine. Hii ni transista ya miaka ya 1960 ambayo bado inatengenezwa, yenye umbo lile la chuma kama kofia ndogo, ambamo ganda lenyewe ndilo kolekta, yaani mguu unaoingiza mkondo. Nilipima kolekta hadi emita zikiwa bado kwenye saketi, mita ikalia. Hapo kuna mtego: zikiwa sambamba, moja ikipiga shoti zote mbili zinaonekana mbovu. Ni lazima uzitenganishe. Nilipotoa waya za emita, moja ilibaki na sifuri kutoka kolekta hadi emita. Nyingine ilipimika vizuri, 0.6 kutoka besi kwenda emita, 0.6 kutoka besi kwenda kolekta, na kimya kila upande mwingine.

Nilizibadilisha zote mbili. Ile iliyobaki nzima ilikuwa imepitia joto lilelile, na transista zinazogawana kazi zinataka kulingana. Katika kununua, angalia usinunue ya bandia. 2N3055 zinaigwa sana: ganda linafanana, maandishi yanafanana, lakini ndani kuna kipande kidogo cha silikoni kisichoweza kubeba hata nusu ya mkondo ulioandikwa. Ya bandia mara nyingi huwa nyepesi mkononi, na mita haiwezi kuitambua kwa sababu kipimo cha dayodi hutumia mkondo mdogo mno. Itapita kila kipimo cha mezani kisha ife siku ya mzigo wa kwanza mzito.

Hapa ndipo watu wengi wanapofunga kifuniko. Transista mbovu imepatikana, mpya imeingia, nobu inatii, kazi imekwisha. Mimi nina msimamo kuhusu hili na sitauficha: transista ya nguvu katika mashine iliyosanifiwa vizuri haifi bila sababu, na ukiweka mpya bila kumjua aliyeiua ya kwanza, umempelekea mhanga wa pili. Basi niliacha chuma cha kulehemu nikachukua kalamu.

Transista hizi zinafanya kazi kwa kugeuza volti za ziada kuwa joto. Ukitaka volti 5 kwa ampia 3 huku kapasita ina volti 41, basi volti 36 zinabaki juu ya transista, na 36 mara 3 ni wati 108. Karatasi ya data ya 2N3055 inasema wati 115 kwa kila moja, na kwa transista mbili hilo linaonekana ni jambo dogo. Lakini namba hiyo ni ya ganda lenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Kila nyuzi moja juu ya hapo inapunguza takriban wati 0.66. Ganda likifika nyuzi 100, uwezo umeshuka hadi karibu wati 66. Sasa fikiria mtu ameweka kikomo ampia 3 na tundu za kutolea zimegusana: wati 123 zinagawanywa kwa mbili, zaidi ya 61 kila moja, ikiwa zinagawana sawasawa. Hapo hakuna nafasi ya kupumua.

Wasanifu walilijua hilo. Transfoma ya mashine hii ina njia mbili upande wa pili, ya volti 15 na ya volti 30, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inachagua kati yake. Volti za nje zikiwa chini ya 12 hivi, rilei inabaki kwenye njia ya 15, na kapasita inapata kama volti 20 tu. Zikipanda, inaruka kwenye njia ya 30. Kwa volti 5 na ampia 3 joto linakuwa wati 45 badala ya 108. Kwa hiyo transista hazikutakiwa kamwe kuona volti 41 wakati wa volti za chini. Kama ziliziona, rilei haikuwa inafanya kazi yake.

Kosa hilo lilikuwa limejificha vizuri sana. Transista ikiwa imepiga shoti, volti za nje ni 40, na kwa volti 40 rilei inapaswa kuwa kwenye njia ya 30. Ukitazama mashine ikiwa imewashwa, rilei iko mahali pake halali na hakuna cha kushuku. Inabidi uipime ikiwa haina umeme. Hata hapo, ukipima mguu wa kati hadi mguu wa njia ya 30 utapata karibu omu sifuri, na unaweza kuhukumu vibaya, maana mkondo wa mita unazunguka kupitia waya wa transfoma, ambao una ukinzani mdogo sana. Nilichomoa plagi ndogo ya transfoma kwenye bodi, nikapima tena. Rilei isiyo na umeme, mguu wa kati na njia ya 15: wazi kabisa. Mguu wa kati na njia ya 30: omu 0.1. Kinyume cha inavyopaswa. Niligonga ganda lake kwa mpini wa bisibisi na hakikubadilika kitu. Nilipoing'oa na kupasua plastiki yake niliona vidole viwili vya shaba vimeshikana, na kati yake tone dogo jeusi la metali iliyoyeyuka.

Basi tangu vidole vile viliposhikana, kila aliyetumia volti za chini kwa mkondo mkubwa alikuwa anazichoma transista. Mashine haikuonyesha dalili yoyote isipokuwa joto kwenye bamba la nyuma. Volti zilikuwa sahihi na kikomo kilifanya kazi, hadi transista moja ilipochoka.

Kufunga transista za ganda la chuma ni kazi ya utulivu. Ganda ni kolekta, na kolekta ina volti 41, wakati bamba la alumini limeshikana na kasha. Kati yake kunawekwa kipande chembamba cha maika, kinachozuia umeme lakini kinapitisha joto, na skrubu zinapita kwenye bushi za plastiki. Pesti ya zamani ya kupitisha joto ilikuwa imekauka na kuwa unga mweupe. Niliifuta kwa spiriti hadi alumini ikang'aa. Pesti mpya inapakwa nyembamba pande zote mbili za maika, kiasi cha kujaza mikwaruzo tu, kwa kuwa ikiwa nene inazuia joto. Baada ya kukaza skrubu kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, nilipima kutoka ganda hadi bamba. Ikiwa mita inaonyesha chochote isipokuwa wazi kabisa, fungua uanze upya. Unywele mmoja wa chuma chini ya maika unatosha kuleta shoti.

Rilei mpya nilichagua yenye volti zilezile za koili lakini vidole vya kubeba mkondo mkubwa zaidi. Nikawasha kupitia taa ya sirisi, bila mzigo. Nobu ikatii, sifuri hadi 30 bila kuruka. Nikaondoa taa ya sirisi, nikaunganisha balbu mbili za gari za volti 12 na wati 21, kwa mfululizo. Napenda balbu kama mzigo wa majaribio kwa sababu zikiwa baridi zina ukinzani mdogo sana, basi pawa saplai inaanza kwa kugonga kikomo: taa nyekundu ya mkondo inawaka, volti zinapanda polepole kadiri nyuzi zinavyopata joto, halafu taa ya kijani ya volti inachukua nafasi. Kwa kuwasha mara moja unaziona tabia zote mbili na jinsi zinavyopokezana.

Na hapo, nilipokuwa napandisha taratibu kukaribia volti 12, rilei ikaanza kutetemeka: tatatata, kwa kasi, kama mvua ya mawe kwenye bati. Nikishusha kidogo inanyamaza, nikipandisha kidogo inanyamaza, lakini pale katikati haikujua ikae wapi. Muda huo nilielewa kwamba hata rilei ilikuwa mhanga. Vidole vyake vinaporuka kutoka njia ya 15 kwenda ya 30, kapasita ya maikrofaradi 10,000 inapaswa kujazwa kwa ghafla kutoka volti 20 hadi 41, na mkondo wa kujaza unapita kwenye vidole hivyo. Kwa kuruka mara moja si neno, lakini mtetemo wa namna ile unavichomea.

Saketi inayoamuru rilei ni kilinganishi kilichotengenezwa na opampu moja. Kinapaswa kuwa na pengo: kiwashe rilei volti zikipita, tuseme, 12, lakini kisiizime hadi zishuke chini ya 11. Pengo hilo linaletwa na rezista moja kubwa inayorudisha sehemu ndogo ya matokeo kwenye mguu wa kuingilia. Niliitafuta kwenye bodi nikaikuta, megaomu 1, ina thamani sahihi kabisa ikipimwa mguu kwa mguu. Nilipopima kutoka mguu wa opampu, hakukuwa na njia. Chini ya lenzi, kuzunguka mguu mmoja wa rezista ile, risasi ilikuwa na mstari mweusi wa duara, mwembamba kuliko unywele: ufa wa kiungo kilichopanuka na kusinyaa kwa joto mwaka hadi mwaka. Niliongeza risasi mpya yenye flaksi, ikayeyuka, ufa ukapotea. Rilei ikaanza kuruka mara moja tu kwenda na mara moja kurudi.

Kiungo kile, thamani yake ni tone la risasi, kilianza kwa kuondoa pengo, pengo likaondoka na rilei, rilei ikaondoka na transista. Ningeweka transista peke yake, mashine ingefanya kazi vizuri hadi atakayeomba volti 5 kwa ampia 3. Ningeongeza rilei, ingeishi hadi vidole vipya vishikane.

Nilipitia viungo vingine vyote karibu na bamba la moto na kulehemu upya vile vilivyofifia rangi. Kapasita ndogo mbili za kuchuja volti 12 za udhibiti, zilizokaa sentimita chache kutoka kwenye bamba hilo, nilizibadilisha bila mjadala. Kapasita za elektroliti hukauka kwa joto, na hizo zilikuwa mahali pabaya zaidi kwenye bodi.

Nobu ya volti inastahili maneno zaidi. Nyuma yake kuna potenshiomita, yaani rezista inayobadilika unapoizungusha. Potenshiomita ya kiloomu 10 inapochakaa, kidole chake cha ndani kinaweza kuinuka kwa kitambo kidogo wakati unaizungusha. Watu wanadhani hapo volti zitashuka sifuri. Katika mashine hii opampu ni LM324, na kwenye chipu hiyo mkondo mdogo sana, wa nanoampia, hutoka kwenye mguu wa kuingilia. Mguu ukibaki hewani, mkondo huo unaupandisha juu, na pawa saplai inatii kwa kutoa volti zote ilizo nazo. Bodi yako ya volti 5 inapata 30 kwa sababu ya vumbi. Niliweka potenshiomita mpya, kisha nikalehemu rezista ya kiloomu 100 kutoka kidole chake hadi upande wa sifuri. Sasa kidole kikiinuka, rezista inaushusha mguu na volti zinaanguka. Nimejaribu kwa kukata kidole makusudi huku mita ikitazama tundu za kutolea: zilishuka karibu na sifuri. Mashine yoyote ya aina hii ninayofungua, hiyo rezista nitaitafuta, na isipokuwepo nitaiweka.

Mwisho nilipima kugawana kwa transista. Kila emita ina rezista ya omu 0.22, basi kwa ampia 3 kila moja inapaswa kuonyesha volti 0.33. Nilipata tofauti ya milivolti chache tu kati yake. Kwa volti 5 na ampia 3, kapasita kubwa ilikuwa karibu na volti 20 kama ilivyosanifiwa, na bamba la nyuma lilikuwa la moto lakini kiganja kingeweza kukaa juu yake.

Kapasita kubwa yenyewe nilitaka kuibadilisha kwa sababu ya umri, kisha nikaamua kuipima kwanza. Kwa ampia 3, hesabu ya maikrofaradi 10,000 inatoa viwimbi, yaani kupanda na kushuka kwa volti kwenye kapasita, vya kama volti 2.4 kutoka kilele hadi bonde, na mita ikiwa upande wa AC inapaswa kusoma karibu 0.7. Ilisoma 0.7. Haikuwa imevimba, na mguu wake haukuwa na ukungu. Nimeiacha.